Pedali laini baada ya kazi ya breki: namna ya kuutafuta ugonjwa kwenye Canter na ndugu zake

Lori likiingia gereji na pedali nzuri, laining tu, vile vipande vya breki vinavyosugua, ndizo zimekwisha, halafu likatoka na pedali laini, basi ugonjwa umeingia humo humo gereji. Mafundi wengi tunalikwepa hilo. Tunamwambia mwenye gari masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, imechoka, anunue nyingine. Pengine ni kweli imechoka. Lakini kama masta hukuigusa, usianze nayo. Anza na ulichokifungua kwa mikono yako.

Kazi yangu iko Changamwe, Mombasa, na magari yanayoniletea shughuli hii ni Canter na Isuzu ndogo, yale ya kubeba mawe, mchanga, soda na magunia. Breki zake ni za mafuta, zinasaidiwa na busta, chombo kinachouongezea mguu nguvu. Mwongozo huu ni wa hayo. Trela za makontena zinazotoka bandarini zina breki za upepo mtupu. Kwenye hizo pedali ni vali tu, na ugonjwa wake hutafutwa kwenye geji ya upepo na adjasta za magurudumu.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Weka gari mahali tambarare, tia magogo au mawe mazito mbele na nyuma ya tairi. Usitegemee handbreki. Kwenye Canter na Isuzu nyingi handbreki haishiki magurudumu yenyewe, inashika shafti nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, zile gia za katikati ya ekseli, inaliacha lile gurudumu lililo hewani lizunguke, na gari linaweza kutembea huku handbreki imevutwa hadi mwisho. Wageni wa magari haya hawalijui hilo, na anayelala chini ya gari ndiye huumia. Kwa hiyo magogo kwanza, na stendi chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi.

Na gari lisitoke barabarani, hata "nalipeleka hapo tu". Pedali inayoshika ukiipampu mara 3 haitakupa nafasi ya kupampu mara 3 mkokoteni ukiingia mbele yako pale Magongo.

Mguu useme kwanza

Zima injini. Kanyaga pedali mara 5 au 6 mpaka nguvu iliyobaki ndani ya busta iishe na pedali iwe nzito. Sasa ndipo uipime. Ukipima injini ikinguruma, busta inakusaidia na utaona pedali yote laini hata ikiwa nzima.

Watu husema "pedali laini" kwa magonjwa matatu ambayo hayafanani, na kuyachanganya ndiko kunakomaliza mafuta na siku nzima.

La kwanza, pedali iko chini lakini ina mwisho. Inashuka karibu na sakafu, kisha inagota. Ukiipampu haraka inapanda juu na kuwa ngumu kama jiwe. Hapo mara nyingi hakuna upepo. Shuu, vile vyuma vilivyobeba laining, ziko mbali na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, na mafuta ya mkanyago mmoja yanaishia kuzisogeza tu.

La pili, pedali haina mwisho. Inabonyea na kukurudisha, kama umekanyaga boflo. Ukipampu inapanda kidogo lakini bado inadunda. Huo ni upepo ndani ya mafuta, au kuna kitu kinachopinda au kuvimba: shuu isiyokaa vizuri kwenye dramu, au mpira wa breki, ule mrija unaopeleka mafuta gurudumuni, uliozeeka.

La tatu, pedali inagota vizuri, lakini ukiishikilia kwa nguvu ile ile inazama polepole. Madereva wa kwetu hulijulia kwenye mteremko wa feri pale Likoni: umesimama, mguu uko kwenye breki, unangoja kuingia, na unahisi pedali yakuponyoka taratibu chini ya kiatu. Hapo mafuta yanatoka mahali fulani, ama nje, ama ndani kwa ndani kwenye masta.

Shikilia pedali dakika nzima uhesabu. Usikanyage sekunde 5 ukasema iko sawa. Kisha andika ulichokiona, hata kwa chaki kwenye dashibodi, maana baada ya saa mbili za kazi utasahau ilikuwaje mwanzo.

Tazama kwa macho

Hapa usikae sana. Tangi la mafuta ya breki limejaa? Nyuma ya kila gurudumu kukavu? Maungio uliyoyafungua yana jasho? Kama kuna washa za shaba kwenye bolti za mipira, uliweka mpya au ulirudisha za zamani? Washa ya zamani imeshabonyea. Mara nyingi itavuja hata ukiikaza mpaka bolti ilie.

Mafuta yakipungua na huoni tone chini, tazama masta inapokutana na busta. Raba ya nyuma ya masta ikipitisha, mafuta yanaingia ndani ya busta na hakuna anayeyaona. Legeza nati za masta, isogeze mbele kidogo bila kukunja paipu, upitishe kidole. Kidole kikitoka na mafuta, jibu umelipata.

Kaza adjasta zote, halafu ukanyage

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haigharimu hata tone la mafuta na inaugawa ugonjwa katikati.

Inua gurudumu moja moja. Pitisha bisibisi kwenye tundu la bamba la nyuma, uzungushe nyota ya adjasta, ile inayosogeza shuu karibu na dramu, mpaka gurudumu lisizunguke kabisa. Magari haya mengi yana silinda mbili kwa kila gurudumu, kila moja na adjasta yake, kwa hiyo kaza zote mbili. Fundi anayekaza ya juu akasahau ya chini ameliacha gurudumu nusu. Magurudumu yote yakishafungwa hivyo, panda ukanyage pedali injini ikiwa imezimwa.

Ikiwa sasa iko juu na ngumu, mfumo wa mafuta ni mzima. Masta nzima, paipu nzima, upepo hakuna. Ugonjwa uko kwenye shuu, dramu na adjasta. Mwache mwenye gari na pesa zake za masta.

Ikiwa bado inadunda, shuu haina kosa. Tafuta upepo, mpira wa breki au masta.

Baada ya kipimo usisahau kulegeza. Rudisha kila nyota nyuma mpaka gurudumu lizunguke kwa mkono likisugua kidogo sana, ule mlio wa "shhh" unaousikia mara moja kila mzunguko. Idadi ya meno ya kurudisha inategemea gari, na kitabu cha gari ndicho hakimu. Kanyaga pedali mara kadhaa ili shuu zijipange katikati, kisha rudi upime tena, maana zikijipanga nafasi hubadilika. Nimeona pedali ya chini kabisa ikapona kwa hatua hii peke yake.

Kama pedali inapanda ukiset, halafu siku mbili baadaye imeshuka tena, fungua dramu utazame kama adjasta za kushoto na kulia hazikubadilishana. Kwenye gari lenye adjasta za kujikaza, nyuzi za skrubu za pande mbili huwa zimegeuzwa. Ukizifunga kinyume, kila breki inayokanyagwa inazilegeza.

Laining mpya, dramu ya zamani

Tuseme adjasta zikiwa zimekazwa pedali ni nzuri, ukizilegeza kwa kiasi chake inakuwa boflo. Hapa kuna jambo ambalo linatupita wengi.

Dramu iliyofanya kazi miaka imeliwa. Ikipelekwa kuchongwa kwenye lathe, tundu lake linazidi kupanuka. Laining mpya iliyopigwa rivet kwenye shuu ina mviringo wa dramu mpya. Ukizikutanisha, laining inagusa katikati tu na ncha zake mbili zinaning'inia. Ukikanyaga, shuu inakunjuka kama upinde ili ncha nazo zifike. Mguu wako unahisi ule mkunjo, nawe unasema ni upepo. Utatoa upepo mpaka jioni.

Kipimo chake ni chaki ya mwanafunzi. Paka chaki ndani ya dramu, mzunguko mzima, rudisha dramu, kaza adjasta mpaka isugue, izungushe mara chache, kisha ivue. Weupe utakaoonekana kwenye laining ndio mahali panapogusa. Ukiona doa katikati lenye upana wa vidole vinne na kwingine kote kweusi, umeuona ugonjwa kwa macho. Tofauti ndogo itasagika yenyewe gari likitembea. Doa la vidole vinne halitasagika kwa wakati. Kabla ya hapo litapata moto, laining ing'ae kama kioo, na gari lisisimame. Laining isagwe ifuate dramu, au ufungwe unene unaofaa kwa dramu iliyochongwa.

Tazama pia ukingo wa dramu. Kimeandikwa kwenye chuma chenyewe kipimo cha mwisho inachoruhusiwa kufika. Ikizidi hapo ni chuma chakavu, hata ikiwa inang'aa vipi kutoka kwenye lathe. Hili mwenye gari hapendi kulisikia, lakini mwambie.

Upepo unakojificha

Sasa tuje kwenye upepo wenyewe. Kwanza hakikisha upo. Mtu mmoja apampu pedali haraka mara 20 hivi kisha aishikilie chini. Wewe fungua kifuniko cha tangi, uso wako ukae mbali, ufunike juu kwa kitambaa kilicholegea. Mwambie aachie ghafla. Upepo uliobanwa ndani hufunguka na kuyasukuma mafuta yarudi kwa kishindo. Ukiona yamefoka juu kama chemchemi, upepo bado upo. Yakitikisika kidogo tu, tafuta kwingine. Mafuta haya yanakula rangi ya gari, kwa hiyo weka maji karibu uoshe papo hapo.

Ukishajua upo, jiulize kwa nini haukutoka mara ya kwanza.

Mara moja Canter ya kubeba mawe ilinilaza gereji. Tulikuwa tumebadilisha silinda za magurudumu ya mbele. Tulitoa upepo mara tatu, tukamaliza lita 2 za mafuta, na kila mara mafuta yalitoka masafi bila povu. Pedali boflo ile ile. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nililala chini na tochi nikatazama tu, bila spana mkononi. Silinda ya kushoto ilikuwa kulia, na ya kulia kushoto. Zinafanana, zinaingia, bolti zinakubali. Lakini zikikaa hivyo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, tunayoiita blida, inakuwa chini na mlango wa mafuta unakuwa juu. Upepo hukaa juu. Ungefungua blida mwaka mzima, yangetoka mafuta masafi na upepo ungebaki pale pale juu ya dari ya silinda. Tulizibadilisha, tukatoa upepo mara moja, na pedali ikasimama. Tangu siku hiyo, kabla sijamwambia mtu akanyage, napitisha kidole kwenye kila gurudumu kuhakikisha blida ndiyo iko juu kabisa.

Maficho mengine ni haya. Masta iliyobadilishwa au iliyokauka: hiyo itolewe upepo ikiwa kwenye vaisi, kwa mirija miwili mifupi inayorudi kwenye tangi lake, ukisukuma pistoni polepole mpaka mapovu yakome, ndipo uifunge kwenye gari. Vali ya mzigo, ile inayopima nguvu ya breki za nyuma kwa uzito wa mzigo, iliyo karibu na ekseli ya nyuma: kwenye baadhi ya magari ina blida yake, imefunikwa na tope hata huioni. Na magari yenye haidrovaki, busta inayokaa mbali na pedali, chini ya chesisi: nayo ina blida yake, na ndiyo huanza kabla ya magurudumu.

Kuutoa ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Tia mrija mwembamba wa plastiki kwenye blida, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Taniboi akae juu, wewe chini, na kila neno lako alijibu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shika!"

Hapo unafungua blida, mafuta yanatoka na pedali inashuka. Unafunga.

"Achia pole pole."

Funga kabla hajaachia, kila mara. Akiachia huku blida iko wazi, gurudumu linavuta upepo kwa njia ile ile. Na asikanyage haraka haraka, maana mafuta yakichapwa upepo unakatika vipovu vidogo vilivyotawanyika, na itabidi ungoje mpaka vielee juu vyenyewe.

Chini ya pedali weka kipande cha mbao ili isifike sakafuni. Ndani ya masta ya zamani kuna sehemu ya mwisho ambayo raba hazijawahi kufika, imejaa kutu na uchafu. Taniboi akikanyaga mpaka chini, raba zinapita juu ya ile kutu zinachanika, na masta iliyokuja nzima inaondoka mbovu. Ndipo tunasema "nilijua masta imechoka". Tuliichosha sisi.

Anzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, isipokuwa kitabu cha gari kimesema vinginevyo. Kwa kuwa dereva wetu anakaa kulia na masta iko upande wake, kwa kawaida ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Tangi lijazwe kila baada ya mikanyago mitano au sita. Likikauka mara moja tu, umeanza upya kutoka kwenye masta. Na mafuta yaliyotoka kwenye chupa hayarudi kwenye tangi.

Pedali ikizama

Kama nje hakuna uvujaji na pedali inazama bado, tenga masta na gari. Fungua paipu zake, ziba matundu kwa plagi za nyuzi sawasawa, utoe upepo uliobaki, kisha kanyaga. Ikiwa ngumu na haisogei dakika nzima, masta ni nzima na ugonjwa uko mbele. Ikizama hata ikiwa imezibwa, raba za ndani zinapitisha, na sasa una haki ya kumwambia mwenye gari anunue masta.

Masta ikiwa nzima, rudisha paipu, toa upepo, ubane mipira ya breki mmoja mmoja kwa koleo lake lenye meno ya mviringo. Mpira ambao ukiubana pedali inasimama, tatizo liko mbele yake, au ni mpira wenyewe. Usitumie koleo la kawaida la kujifunga; linakata tabaka la ndani na utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Mipira mizee inaweza pia kujulikana kwa mkono: ushike kiganjani huku taniboi akikanyaga kwa nguvu. Ukiuhisi unafura, ubadilishe.

Mafuta yenyewe

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani, na sisi tunaishi Mombasa, ambako kiberiti tu kikikaa nje usiku hakiwaki. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikiwa imenywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikiwa na maji. Gari lenye mzigo likishuka kutoka Kwale kuelekea Kombani, breki zikapata moto, maji yale yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea kama upepo. Ukisikia dereva anasema pedali ni nzuri asubuhi na inalegea mteremkoni, usitafute raba. Tafuta mkebe uliotumika. Ule ulioachwa wazi rafuni tangu mwezi wa Ramadhani usiutumie. Nunua mdogo, ufungue siku ile ile.

Na kama kuna mtu aliongeza mafuta ya injini au ya usukani kwa makosa, vua kifuniko cha tangi utazame raba yake. Ikiwa imevimba hata hairudi mahali pake, raba zote za mfumo zimevimba vivyo hivyo. Kuosha hakutoshi; zibadilishwe zote, na mipira pia.

Kulijaribu gari

Washa injini huku umekanyaga pedali iliyo ngumu. Inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu mara injini inapoitika. Hiyo ni busta kufanya kazi, si ugonjwa, na madereva wengine hurudisha gari kwa sababu hiyo tu. Waeleze.

Jaribu ndani ya uwanja, mwendo wa mtu anayetembea, gari likiwa tupu. Kisha barabara tambarare, breki za wastani mara 10 hivi, ukiacha zipoe katikati. Rudi, sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, umeikaza mno. Ikiwa baridi kabisa, haifanyi kazi. Mteremko wa Mazeras na mzigo viwe vya mwisho.

Usimkabidhi dereva gari jioni ile ile kama unaweza kungoja. Weka alama ya kalamu kwenye tangi pale mafuta yalipofika. Asubuhi, gari likiwa baridi, kabla ya kuwasha, kanyaga mara moja tu. Mkanyago huo wa kwanza wa asubuhi haudanganyi, kwa kuwa hakuna aliyepampu. Pedali ikigota palepale ilipogota jana na mafuta yako kwenye alama, mpe ufunguo. Ikiwa imeshuka, au mafuta yamepita chini ya alama hata kwa upana wa ukucha, chukua tochi urudi nyuma ya masta na nyuma ya magurudumu.